Samaki Jiwe wa Wagdi

Wagdi Bishay wa bandari ya Safaga alikuwa na siri moja, nayo ilikaa ndani ya kopo la biskuti jikoni kwake: miwani ya kusomea. Mkewe Feryal ndiye aliyemnunulia, mwaka juzi. Wagdi aliivaa mara moja, akajitazama kwenye kioo, akamwona marehemu babu yake, akaivua.

Sasa mtu wa miaka hamsini na mbili asiyeona kilicho mbele ya pua yake atafanya kazi gani? Alikuwa mwonyesha samaki! Ndiyo, cheka tu. Yeye mwenyewe alijicheka kila asubuhi akijisokomeza ndani ya nguo ya mpira, kitambi kikigoma kuingia. Aliwashusha wageni, mitungi ya hewa mgongoni, hadi kwenye meli iliyozama na shehena ya saruji, akawaonyesha nani anaishi wapi. Mkunga ndani ya bomba la moshi. Chewa chini ya ngazi. Na nyuma ya winchi ya kuvutia nanga, samaki jiwe, ambaye mwiba wake unaua: unaweka ngumi juu ya kiganja, ishara yake hiyo, na kila mtu anarudi nyuma. Wagdi aliwajua wote kwa kichwa. Macho ya nini?

Ila asubuhi ile alikuwa na mtihani. Daktari Nihal Rushdi, mtaalamu wa samaki kutoka Ismailia, alikuwa anatafuta mwenzake wa kuhesabu samaki majira yote ya baridi. Mwenye mashua alikwisha sema: Wagdi asipochaguliwa, atabaki gatini kujaza hewa mitungi. Miaka ishirini na sita baharini, halafu ukalinde kompresa! Hata maharage ya asubuhi aliyaacha kwenye sahani.

"Baba Fadi, unaumwa au unamwogopa mama wa watu?" nahodha Awad akamchokoza, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Shika usukani wako wewe."

Nihal alikuwa na daftari la mashua mapajani. "Mwalimu, huyu samaki jiwe wako umemwandika miezi kumi na tisa, hajasogea hata shubiri! Sijawahi kusikia kitu kama hicho. Ndiye aliyenitoa nyumbani."

"Mtulivu sana yule," Wagdi akasema, kifua mbele.

Wakazama. Nyuma ya winchi Wagdi akaweka ngumi juu ya kiganja, kwa madaha. Nihal akamulika tochi, akatazama weee, kisha akanyoosha mkono akamkamata samaki jiwe! Wagdi nusura ameze mpira wa kupumulia. Nihal akaandika kwenye kibao chake, akampa. Wagdi akakisogeza mbali, mbali zaidi, mpaka mkono ukaisha. SARUJI. Alipoinua uso akakuta Nihal hatazami saruji wala kibao. Anatazama ule mkono ulionyooka.

Aibu ikamshika. Alitaka kupiga magoti hapo hapo kwenye sitaha ya ile meli, Nihal akamnyaka kwa mkanda wa mtungi akamvuta juu. Akamwekea ngumi juu ya kiganja. Pale ambapo goti lake lingetua Wagdi aliona kutu tu. Nihal akamburuta nyuma, na kutoka mbali Wagdi akaiona ile kutu ikifunga mdomo.

Kwenye mashua Wagdi akaweka kikombe cha chai chini. "Daktari, mimi sioni karibu," akasema. "Miezi kumi na tisa nimewapigisha watu picha na saruji. Wengine nadhani wameitundika ukutani. Na leo ningekufa, nikuachie maiti. Niandike nimeshindwa tu, niende kwenye mitungi yangu."

Awad alicheka mpaka akashika ubavu. Wagdi naye akacheka, ila machozi yalikuwa ya kweli.

"Umenipitisha kwenye matundu kumi na manne," Nihal akasema. "Kumi na matatu yalikuwa na wenyewe. Unadhani mimi naona?" Akagonga kioo cha miwani yake ya kuzamia. "Hivi ni vioo vya macho, baba. Ninayo nyingine mkobani. Kesho utavaa, ndipo nitakujibu."

Nyingine yenyewe ilikuwa ya rangi ya waridi.

Kesho yake Wagdi alishuka na waridi lake usoni mpaka kwenye winchi. Kipande cha saruji kilikuwa pale pale, hakikufanana na samaki hata kidogo, aibu tupu. Lakini kilikuwa na kitundu, na kitunduni kisamaki kidogo kama ukucha kilikuwa kinamchungulia. Visamaki vya namna hii ndivyo alivyovipenda alipoanza kazi. Alikuwa amejisadikisha kwamba vimekwisha baharini. Akalia ndani ya miwani, mpaka ikabidi aingize maji kidogo aisafishe. Hakukumbuka ishara yake, akanyoosha kidole tu. Nihal akasogea, akatazama, akaandika, kisha akampa Wagdi kibao na kalamu ahesabu vilivyobaki.

Jioni alifungua daftari la mashua mbele ya watu wote, miwani ya Feryal puani.

"Babu, hujambo?" Awad akamwamkia.

"Sijambo, mjukuu wangu," Wagdi akajibu, akaandika: Saruji, moja. Anaishi ndani yake, mmoja.