Mnong'ono Juu ya Kiuno cha Bi Mwanaidi

Miaka ya hamsini, mkonge ukiwa na bei, cherehani yangu pale Ngamiani, Tanga, haikupumzika. Nikimwambia binti yangu Zuhura, "Niletee sindano!" analeta sahani. Nikipiga ukelele, anabaki kunitazama tu. Nikaamua ni kiziwi, nikawatangazia wateja wote, mimi bingwa wa masikio!

Siku moja Bi Mwanaidi alikuja kupimwa gauni. Alipokwenda uani kunywa maji, nikasimamisha cherehani nikamnong'oneza jirani yangu, "Kiuno kile kimemaliza futi yangu yote!" Zuhura alikuwa pale pale, lakini nani angemjali kiziwi?

Bi Mwanaidi aliporudi, mtoto akasema kwa adabu, "Shikamoo bibi. Mama anasema kiuno chako kimemaliza futi yake yote."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini moyo uliruka: mnong'ono ameunasa neno kwa neno! Kumbe kelele za cherehani ndizo zilizomvurugia maneno. Nikainama, nikamtazama usoni, nikasema polepole, "Zuhura, niletee sindano."

Akaleta sindano! Nikapiga vigelegele, nikambeba juu juu huku nalia.

"Hongera," akasema Bi Mwanaidi. "Sasa nipime tena, na safari hii useme kwa sauti."