Rimu Zina Dhamana, Pua ya Kioo Haina

Wewe uliyesimama kwenye taa nyekundu ukakodolea macho rimu za gari la mbele yako, uliona nini? Uliona uso wako. Ukaweka kola sawa, ukajisemea ipo siku na mimi nitazifunga hizo, taa zikaruhusu, ukaondoka. Hukujiuliza mng'ao ule umetoka kifuani mwa nani. Hata sasa, umeshajua kwamba habari hii ni ya mfanyakazi tu, na kidole kinatafuta ukurasa wa michezo. Tulia. Timu yako haikimbii.

Saa mbili asubuhi. Ndani ya karakana ya bati, nyuma ya mtaa wa maduka ya vipuri, mwanamume wa miaka arobaini na sita anainama juu ya tangi lenye maji mekundu yaliyokolea kama damu iliyolala. Anasogeza uso hadi shubiri moja tu ibaki. Anafumba macho. Anavuta pumzi ndefu, taratibu, kama mtu anayeonja uturi dukani.

Hanusi kitu. Hajanusa kitu kwa miaka mitatu.

Wenzake humwita Kioo, kwa kuwa rimu ikitoka mikononi mwake unaweza kunyolea ndevu. Kazi yake ni kupaka magurudumu ya magari kromu. Si rimu zile zilizokuja na gari kiwandani. Ni zile ambazo mwenye gari huzinunua pembeni ili apendeze. Huvuliwa ngozi ya zamani, hung'arishwa, hupewa shaba, kisha nikeli, na mwisho huzamishwa kwenye tangi la Kioo.

Tangi hilo linataka joto la kadiri. Likiwa baridi, kromu hutoka ya kijivu. Likichemka mno, hutoka na ukungu mweupe. Kwingine watu wana kipimajoto. Hapa kilivunjika miaka ishirini iliyopita, na bosi akasema pua ya fundi mzuri haihitaji betri. Tangu hapo mafundi hunusa. Mvuke ukichoma ncha ya pua, bado. Ukipanda hadi nyuma ya macho, tayari. Tena wameshaifanya sifa: fundi anayepima kwa kifaa anaonekana bado anajifunza kazi.

"Aliyenifundisha alikuwa akiniambia, ukitokwa na machozi ujue umefika," anasema Kioo. "Nimetokwa na machozi miaka kumi na tisa. Siku hizi hata hayo hayaji."

Juu ya tangi kuna feni ya kunyonya mvuke. Ilikufa miaka sita iliyopita, wiki ileile ambayo ofisi ya bosi iliwekewa kiyoyozi. Mkaguzi alifika mara moja. Alisimama mlangoni, akakohoa, akaandika, akaenda zake. Alichoandika hakuna aliyekiona. Bosi na mkaguzi, msidhani tumesahau. Mlikuwa mnategemea tusahau.

Mwaka wake wa saba kazini, ule ukuta mwembamba kati ya matundu mawili ya pua ya Kioo ulitoboka. Hakuna aliyeshtuka. Pale karakanani huko kunaitwa kuhitimu. Wenzake walipitisha uzi tundu la kulia, ukatokea la kushoto, wakacheka hadi wakashika mbavu, wakamnunulia soda.

Mke wake hakucheka. "Baba watoto, hiyo ni pua au tundu la sindano?" alimwuliza.

"Si umeolewa na fundi cherehani," akamjibu.

Utani ule uliisha siku maziwa yalipoungua jikoni. Nyumba ilijaa moshi, majirani wakaja mbio na ndoo, wakamkuta Kioo amekaa hatua tatu kutoka jikoni, ameupa moshi mgongo, anasoma gazeti.

Kazini hakusema. Tangi lisilo na kipimajoto na fundi asiye na pua, hapo hakuna kazi. Alimwambia mtu mmoja tu: shemeji yake, mdogo wa mwisho wa mkewe, kijana wa miaka thelathini na moja ambaye yeye mwenyewe alimwingiza karakanani.

"Nilimwendea mama mkwe nikapiga magoti," anakumbuka Kioo. "Nikamwambia, mama, huku ni kazi ya kivulini, havunji mgongo. Akanishika mkono akasema, haya mwanangu, nimekukabidhi. Nimekukabidhi! Neno hilo linanila hadi leo."

Wakapanga. Kila asubuhi Kioo angeinama juu ya tangi ili aonekane. Shemeji angesimama upande wa pili, anuse kweli, na mvuke ukishampanda agonge ukingo mara mbili kwa spana. Wamekula mkate wao hivyo kwa miaka mitatu. Mmoja ana jina, mwingine ana pua.

Asubuhi hii kuna rimu nne za inchi kumi na nane. Mshahara wa Kioo wa miezi saba haununui hata seti moja kama hizo. Mwenye rimu yupo, amesimama mbali na tangi, leso puani.

"Fundi, zitadumu kweli?" anauliza. "Nilishapakiwa nyingine zikabambuka kama rangi ya ukuta wa choo."

"Zitadumu, mkuu. Gari litakufa, hizi zitabaki."

"Mimi nataka zinizike!"

"Wewe sijui," Kioo anasema. "Mimi zitanizika, usiwe na shaka."

Mteja anacheka. Kweli zinadumu. Kazi ya Kioo haijui matope wala vumbi la breki. Kila seti hutoka na karatasi ya dhamana: miaka mitatu bila kubabuka. Kioo ndiye anayetia sahihi. Rimu ikibabuka inarudishwa, inapokelewa kwa heshima, inapakwa upya. "Mimi nikibabuka nirudishwe wapi?" anauliza.

Spana inagonga mara mbili. Kioo anainua kichwa, anashusha rimu ya kwanza ndani ya maji mekundu, anawasha umeme wa kupakia kromu. Dakika chache baadaye anaivuta juu kwa mnyororo.

Ni ya kijivu. Nusu yake kama imemwagiwa jivu la mkaa.

Kioo haamini. Anaweka kiganja ubavuni mwa tangi, jambo ambalo hajalifanya tangu alipokuwa anajifunza. Bati ni la baridi. Hita imeungua, pengine tangu jana. Tangi baridi namna hii halina mvuke wa kumpanda mtu yeyote.

Anamgeukia yule aliyegonga.

"Shemeji."

"Naam."

"Tangu lini?"

Shemeji anajifuta pua kwa kifundo cha mkono. Mkono unarudi na damu. "Tangu mvua za kwanza."

"Miezi mitano! Sasa muda wote huo ulikuwa unagonga kwa kunusa nini?"

"Nilikuwa nahesabu dakika, shemeji. Nikiwasha hita nahesabu hadi ishirini na tano, nagonga. Sikujua kama leo imekufa."

"Na hukuniambia."

"Ungenirudisha kwa mama."

Kioo anashika mnyororo kwa mikono miwili. Rimu inazunguka polepole, inadondosha maji mekundu, na yeye anajiona ndani ya ile nusu inayong'aa. Alimficha bosi. Shemeji akamficha yeye. Amefundisha mtu kazi, na alichofundisha zaidi ni hicho cha kuficha.

Bosi anatoka ofisini. "Nani kanusa tangi hili?"

Kwa miaka kumi na tisa Kioo amejibu "mimi, bosi". Leo anasema, "Hakuna. Yangu ilikufa miaka mitatu nyuma. Ya huyu, miezi mitano. Bosi, nunua kipimajoto. Tengeneza feni."

Angefoka ingekuwa nafuu. Bosi anawatazama mmoja mmoja, kwa utulivu, kama anayekagua tairi zilizokwisha. "Mngesema mapema," anasema. "Tungetafuta pua nyingine."

"Samahani," mteja anaingilia, leso bado puani. "Zangu zitakuwa tayari lini?"

Kabla ya adhuhuri kuna kipande cha boksi getini: ANATAKIWA FUNDI WA TANGI. AWE HAJAWAHI KUFANYA KAZI HII. Mpita njia atadhani bosi anapenda kufundisha. Kioo anajua maana yake. Asiyewahi kuinama hapo bado ana pua nzima. Saa nane mchana wameshakuja watu watano kuulizia.

Mashemeji hao wawili wamehamishiwa kwenye kung'arisha, kwa nusu mshahara, hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo watajijua.

Daktari aliyewapima wote wawili wiki hiyo hakuzunguka. Tundu la Kioo halizibiki, na kifua chake kinapiga filimbi kwa sababu ileile. La shemeji bado ni kidonda, halijapenya. Akitoka kwenye mvuke sasa, huenda kikapona. Akirudi, ni suala la miezi.

Anarudi. Karakana ya ng'ambo ya barabara, ambayo nayo haina feni, imemchukua. Anaanza Jumatatu.

"Nimwambie nini?" Kioo anauliza. "Asiende ale nini? Nimemwambia, shemeji, uza chochote, hata maji. Akanijibu, wewe mbona hukuuza maji?"

Mpango wa Kioo ni mdogo. Jumatatu asubuhi atasimama kwenye lango la ng'ambo, kabla shemeji hajainama, na atamwonyesha kila anayeingia ule uzi ukipita puani mwake. Watamfukuza, anajua. Atasimama mpaka wamfukuze. Matumaini hana, anasema. Ana miguu tu.

Mtu mmoja mwenye uzi hazimi tangi. Wewe ndiye unayelizima, kwa kuwa rimu ni zako. Usisubiri mkaguzi. Ingia karakana uliyopeleka magurudumu yako, leo, kabla ya Jumatatu. Inua macho utafute feni, na uione inazunguka. Omba kipimajoto ukishike mkononi. Visipokuwepo, pakia rimu zako garini zikiwa chakavu hivyohivyo, na umwambie mwenye karakana sababu kwa sauti ambayo mafundi wote wataisikia. Kisha mwambie na jirani yako mwenye gari. Kidonda hakijapenya bado. Nenda.