Mweleka wa Mwisho wa Ng'washi

Wifi yangu Ng'washi alikuwa mcheza mieleka, na msinicheke. Nasema mapema kwa sababu kila nikilitaja jambo hili kwenye jumuiya yetu hakosekani mtu wa kuniuliza kama huyo ni mwanamke kweli. Ni mwanamke, amezaa wawili, na uji wake wa ulezi unanishinda. Kwa miaka minane, kutoka Igogo hadi ng'ambo ya Busisi, hakuna aliyewahi kumlaza chali bila ruhusa yake. Hilo la ruhusa nitalieleza.

Mimi ni mke wa kaka yake, fundi cherehani wa Igogo, na nguo zake zote za mchezo nilimshonea mimi. Nilipima kifua chake, mapaja yake, shingo yake. Hakuna mtu aliyeujua mwili ule kama mimi, labda mama yake.

Alianza kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, akibeba marobota sambamba na wanaume. Kiwanda kilikuwa na kikundi cha ngoma, kama viwanda vyote vya enzi ile, na yeye alikuwa mchezaji wa kawaida tu. Kilichombadilisha ni mkanda. Obiero, Mjaluo mmoja aliyekuwa na banda la video Buzuruga, aliutoa Kisumu mkanda wa wanawake wa Kijapani wakipigana mieleka. Hatukuelewa neno hata moja la mtangazaji. Watu walijaa bandani, wakashangilia anayeshinda. Ng'washi alikuwa anamwangalia anayeanguka. Siku ya nne akaniambia, "Wifi, anayetupwa ndiye anayefanya kazi. Anaruka mwenyewe. Na yule anayemtupa anamlinda shingo."

Mwishoni mwa mkanda ule mmoja wa wale wanawake aliagwa kwa kuacha mchezo, bado kijana kabisa. Alisimama katikati ya ulingo, watu wakamrushia riboni za karatasi mpaka zikamfika kiunoni, na wale aliokuwa akiwapiga miaka yote wakalia machozi. Ng'washi naye alilia, bandani, mbele za watu. Kuanzia hapo alitaka kitu kimoja tu kwenye maisha ya mchezo: siku akiacha, aondoke watu wakiwa bado wanamwamini.

Kumwamini kulikuwa ndio kazi yenyewe. Ili aingize mieleka katikati ya ngoma za kikundi, alishona magunia, akayajaza pamba chafu, akatandika uwanjani, akazungushia kamba za katani. Watu waliamini ana dawa. Walisema mganga wa kundi letu amemchanja viganjani, ndiyo maana anainua mwanamke wa kilo themanini kama anainua debe tupu. Padre alimwita kumwonya. Ng'washi hakukubali wala hakukataa. Alimwitikia padre vizuri na Jumapili akaenda kukomunika. Dawa ilikuwa mazoezi ya asubuhi nyuma ya nyumba yangu, kuku wakitukimbia.

Wasukuma wanajua jinsi ngoma zinavyoshindana, lakini wageni niwaambie. Baada ya mavuno makundi mawili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, hili huku na lile kule. Hakuna refa, hakuna alama. Watu wenyewe huhukumu kwa miguu. Wakikuchoka wanavuka kwenda kwa mwenzako, na jua likizama, kundi lenye watu wengi ndilo limeshinda. Siku zile za Ng'washi watu walivuka kuja kwetu, hawakurudi.

Gladness alikuja kwetu akiwa na miaka kumi na saba, binti wa wavuvi kutoka upande wa Mara, mwembamba, mwenye njaa na maneno mengi. Ng'washi akampa kitanda chumbani kwake. Akamfundisha kuanguka kabla ya kumfundisha kutupa: kidevu kifuani, toa pumzi, piga mkono chini. Akamfundisha na ishara yao. Anayetupa akiwa tayari kukupokea, anakubana kifundo cha mkono mara mbili, na wewe unaruka. Walifanya hivyo mara elfu hivi pale uani. Nilikuwa nikishona nawasikia tu: kimya, kishindo, kicheko. Walipendana, hilo siwezi kulikana hata leo na hasira zangu.

Mwaka tisini na mbili kiwanda kikapunguza watu, Ng'washi akiwa wa kwanza kwenye orodha. Kikundi kikabaki yatima, tukakiendesha wenyewe. Miaka miwili baadaye serikali ikaruhusu wanunuzi binafsi wa pamba, na vijijini wakaanza kuja watu wenye malori na vipaza sauti, kila mmoja akitaka wakulima waje kwenye mizani yake. Mmoja wao aliitwa Josephat. Alikuwa mtu wa shati jeupe na meno mazuri. Aliona haraka kwamba mahali penye ngoma ndipo penye wakulima, akalichukua kundi pinzani, akalivalisha fulana.

Ng'washi alipofika miaka thelathini na nne alisema basi. Mweleka wa mwisho ungekuwa Julai tisini na tano, uwanja wa karibu na Kigongo, ambako watu wa ng'ambo wanavuka kwa kivuko. Angepigana na Gladness. Gladness angeshinda, Ng'washi angemwinua mkono mbele ya watu na kumwachia uwanja. Walipanga pamoja mezani kwangu. Gladness alilia, akamwambia, "Dada, mimi sitaweza kukuangusha." Ng'washi akamfuta machozi kwa kitambaa nilichokuwa nashona.

Siku yenyewe Gladness hakutokea. Alikuwa amekwenda ng'ambo tangu juzi, tukasema amechelewa kivuko. Ngoma ikaanza, watu wakajaa upande wetu, Ng'washi akasimama juu ya magunia peke yake na vazi jipya jekundu. Ndipo tukaisikia sauti ya Gladness. Ilitoka kwenye kipaza sauti cha Josephat.

"Njooni niwaonyeshe! Hakuna dawa hapa, wala hakuna nguvu! Tunarukishana!"

Alikuwa juu ya lori, na fulana ya lile kundi pinzani. Alimshika msichana mwingine akaonyesha hatua kwa hatua: hapa anaruka mwenyewe, hapa namshika shingo, hapa anapiga mkono chini mpaka nyie mnadhani mfupa umevunjika. Watu wakacheka, kicheko cha mtu anayegundua kumbe alidanganywa miaka yote. Halafu miguu ikaanza kuvuka. Walianza vijana, wakafuata kina mama, wakafuata hata wazee waliokuwa wakimwapia Ng'washi kwa majina ya watoto wao. Kwa muda wa ngoma mbili tu uwanja wetu ulibaki na wapiga ngoma na mimi.

Ng'washi aliteremka kwenye magunia akavuka na yeye. Nikamfuata mbio.

"Unakwenda kufanya nini, wifi?"

"Kupigana. Leo kweli. Aje anirushe bila mimi kutaka, nione."

Watu walipomwona wakafungua njia, wakipiga vigelegele vya dhihaka. Gladness akashuka kwenye lori. Alibadilika rangi, nilimwona, kwa sababu anamjua Ng'washi: pale pasipo na makubaliano angemvunja kama kijiti. Akakishika kile kipaza sauti akasema kwa sauti tamu, "Shikamoo dada! Jamani, mwalimu wangu huyu, amekuja tuwaonyeshe pamoja!"

Ng'washi hakuitikia marahaba. Alimkamata. Wakazunguka mara moja, mara mbili, vumbi likapanda. Niliona Gladness anapumua kwa mdomo, anakwisha. Kisha nikaona vidole vyake kwenye kifundo cha mkono wa wifi yangu vikibana. Mara mbili.

Na Ng'washi akaruka.

Hakutaka. Najua hakutaka. Miaka yote ile mwili ulikuwa umefunzwa kuuamini mkono ule, na mwili hauulizi. Aliruka juu kama siku zote, akampa Gladness uzito wake wote, na Gladness akaachia. Hapakuwa na magunia pale, palikuwa na udongo mkavu wa Julai. Ng'washi alitua juu ya mguu uliojikunja, tukasikia kitu kikilia paa.

Watu walishangilia. Alipopiga ukelele walishangilia zaidi, mmoja akasema, "Anajua huyu! Tazama anavyolia!" Alinyoosha mkono, akasema mguu wangu, jamani mguu, na kadiri alivyosema ndivyo walivyocheka wakishikana mabega. Gladness alikiokota kipaza sauti, akasimama nacho mkononi. Angeweza kusema neno moja. Aliwaangalia watu, akamwangalia Josephat, akapanda lori.

Tulimbeba kwa mkokoteni hadi kivukoni, na gari la samaki likatufikisha mjini. Hospitali waliunga walichoweza. Mwezi mzima nilimpelekea chakula asubuhi na jioni, namlaani Gladness kwa kila jina ninalolijua, na yeye ananisikiliza tu. Siku moja nikiwa namlaani vizuri akanikatiza.

"Wifi, ulikuwa umesimama wapi?"

"Pale pale mbele. Karibu yako."

"Ndiyo. Nilikuona."

Nikainama kukusanya vyombo vya chakula. Kwa sababu mimi niliyempima, niliyemsikia akianguka uani kwangu mara elfu, nilisimama pale hatua nne kutoka kwake nikamsubiri ainuke. Nilidhani yeye na Gladness wamepatana palepale. Nilidhani ni mchezo. Na nilicheka, si sana, lakini nilicheka, na mkono wake ulikuwa umenyooshwa kwangu.

Hajawahi kulirudia tena. Tunaishi ua mmoja, tunachambua mboga pamoja, tunawasema majirani. Gladness tulisikia ameolewa Shinyanga, na jina lake tunalitaja bila shida. Ila jioni, akitaka kuinuka kwenye kigoda na ule mguu wake usiokunjika, mimi husimama haraka kumshika mkono.

"Acha," hunijibu. "Nitainuka mwenyewe."