Chifu Ndani ya Mfuko wa Sadaka

Celine Nakhumicha hakuwa mtu wa kulialia. Alimzika mume, akamlea binti yake Jacky mpaka akaolewa, akauza nguo za watoto katika soko la Gikomba mvua inyeshe jua liwake, na hakuna aliyewahi kumwona akifuta machozi mbele za watu. Ndiyo maana paka wake alipokufa, aliona haya. Utaanzia wapi kuwaambia watu wa mtaa wa Baba Dogo, ambako kila wiki kuna mchango wa matanga, kwamba na wewe umefiwa, ila ni paka?

Paka mwenyewe aliitwa Chifu, kwa sababu ya kitambi chake na ule mwendo wa mtu aliyekuja kukagua. Kwa miaka mingi alilala kwenye mkono wa kochi. Celine, aliyekuwa mkali kwa vitambaa vyake vya makochi kama kina mama wote wa pale, alichoka kufua manyoya, akamtarizia Chifu kitambaa chake mwenyewe. Kilikuwa kitambaa kizito cheupe, chenye uso wa paka kwa uzi mweusi, macho ya kijani, na jina CHIFU chini yake. Kisha Chifu akala panya aliyekula sumu, kitambaa kikabaki peke yake pale kwenye kochi.

"Si ukifanye cha kupigia deki?" jirani yake Muhonja alimshauri. "Kitu kizito hivyo kinashika maji vizuri sana."

Celine alikasirika, akakinyoosha kitambaa vizuri pale kwenye kochi. Muhonja hakuwa na nia mbaya, masikini. Ni vile tu hajawahi kumpenda mnyama asiyeliwa.

Wiki hiyo hiyo kina mama wa kanisa wakampa Celine kazi ya kushona mfuko mpya wa sadaka, maana ule wa zamani ulikuwa umetoboka. Alinunua kitambaa cha zambarau, akakata, akaona kinalegea. Kilihitaji bitana ngumu. Macho yakamwendea kwenye kochi. Ndani hakuna atakayeona, akawaza, na Chifu atakuwa kila Jumapili anapita mikononi mwa watu, badala ya kunikodolea macho kila nikiketi. Akaushona ule uso ukitazama ndani, na usiku huo akalala usingizi mzito.

Sasa, Mzee Wasike, mhazini wa kanisa, alikuwa na desturi yake. Akishamwaga sadaka mezani, huugeuza mfuko ndani nje na kuuinua juu mbele ya kanisa zima, ili asitokee mtu wa kusema kuna noti imebaki kwenye pindo. Celine aliiona desturi hiyo kila Jumapili mpaka akawa haioni tena. Jumapili iliyofuata, aliikumbuka mfuko mpya ukiwa tayari unazunguka.

Mjane, tena peke yake nyumbani, ameshona paka kwa siri ndani ya mfuko wa sadaka! Hawa ni watu waliowahi kukemea mapepo asubuhi nzima kwa sababu bundi alitua juu ya mabati. Wangemwita mchawi, na kanisa hilo ndilo lililokuwa ukoo wake wote hapa Nairobi. Mfuko ulipomfikia aliukamata kwa mikono miwili, akakataa kuuachilia.

"Mama, wachia basi, wengine wanangoja," mzee wa kanisa aliyekuwa akiupitisha akamnong'oneza huku akivuta. Celine akauachia.

Mzee Wasike akamwaga, akageuza, akainua. Chifu akalitazama kanisa kwa macho yake ya kijani.

"Yesu wangu!" mtu akapaza sauti. Kwaya ikanyamaza. Mzee Wasike akavaa miwani, akasoma polepole: "Chifu. Huyu Chifu ni nani?"

Celine akasimama.

"Ni paka wangu. Alikufa. Hicho kitambaa sikuweza kukitupa, na kukaa nacho pia sikuweza. Nikaona afadhali kiwe hapa, kwa watu wangu. Kama nimekosea, nitakifumua leo leo." Machozi aliyoyazuia tangu Chifu afe yakamtoka yote.

Mzee Wasike akamwangalia, kisha akamwangalia paka. "Alikuwa anashika panya?"

"Hakuwa anabakisha."

"Basi mwacheni alinde sadaka. Mimi mwenyewe mlikuwa hamniamini."

Kanisa zima likaangua kicheko, pasta akiwemo. Celine naye akacheka huku analia, akashusha pumzi ndefu, akaketi. Kifua kilikuwa chepesi kabisa.

Jioni mlango ukabishwa. Alikuwa Muhonja pamoja na Nabiswa, mke wa mhazini, wamejifunga leso, wamebeba sukari na majani ya chai, kama waendavyo kwa kila aliyefiwa. Wakaingia, wakaketi, wakainamisha vichwa kama inavyotakiwa.

"Pole sana, Mama Jacky," Muhonja akasema mwishowe. "Na aliugua siku ngapi?"

Mpaka jioni hiyo hakuna aliyekuwa amemuuliza Chifu alikufaje. Celine akavuta kiti karibu, akaanza kuwasimulia.