Nilivyomliza mwalimu mstaafu mbele ya ghala la mbolea Mamboya, kwa msaada wa AI

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Hiki kisa ni changu mwenyewe. Sijakitia chumvi, na mkishasoma mtaona kwamba hakuna mtu anayeweza kujitungia aibu ya namna hii kwa hiari yake.

Mimi ni guide wa kujitegemea hapa Mikumi. Kujitegemea maana yake hakuna kampuni inayonihitaji. Nina gari, Noah niliyoachiwa na shemeji, nina darubini moja ambayo jicho la kushoto halioni, na nina simu.

Zamani nilikuwa nawinda wateja barabara kuu. Basi likisimama nami nasimama, kama muuza vitunguu, ila muuza vitunguu alikuwa anauza.

Mwaka juzi mshkaji mmoja akanionyesha AI. Unaiambia mteja anapenda nini, ana siku ngapi, anaogopa nini, halafu inakutemea ratiba nzima, kuanzia chai ya asubuhi mpaka aina ya viatu. English yake imenyooka mpaka nikajionea wivu mwenyewe.

Nikafungua page. Nikaandika "Safari inayokufaa wewe tu". Nikaweka form. Mteja anajaza, mimi nakopi napesti, AI inafanya kazi, mimi nakula sifa.

Ilishawahi kunizingua kidogo, nisifiche. Kuna couple kutoka Dar iliipangia Vidunda, na jioni ikawawekea kupanda boti waangalie jua likizama.

Vidunda, wakuu. Kule ni mlima juu ya mlima. Watu wanalima kwenye miteremko ambayo hata mbuzi anaifikiria mara mbili. Boti inapita wapi?

Nikaufuta ule mstari, nikacheka, nikaendelea na maisha. Mtu mwenye akili angeshtukia hapo. Mimi nikaongeza tangazo.

Basi siku moja form ikaingia kutoka Tabora. Mwalimu Tabitha, mstaafu, alifundisha jiografia sekondari maisha yake yote. Wateja wengi kwenye ile sehemu ya "unapenda nini" wanaandika simba, kuogelea, nyama choma. Yeye aliandika hivi, naikumbuka mpaka leo:

"Marehemu mama yangu alizaliwa Mamboya akasoma shule ya misheni pale. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli Kilosa, wakahamia Tabora. Mama hakuwahi kurudi kwao wala hakupenda kuulizwa. Ningependa kuona alipokaa. Tembo nimeshawaona kwenye televisheni."

Ukweli wangu kuhusu Mamboya ulikuwa huu: nilipita mara moja juu ya lori la mahindi ya mtu, na nilikuwa nimelala.

Ningeweza kumwambia hivyo. Badala yake nikaipa AI kazi. Nikaichomekea form yote, nikaiambia itoe historia ya misheni ya Mamboya na sehemu alipokaa mama wa mteja, iandike kwa hisia.

Ikaandika kwa hisia kweli. Nyumba ya mawe magharibi mwa kanisa, iliyokuwa bweni la wasichana. Dirisha dogo la kuchungulia mvua ikija kutoka milimani. Wimbo waliokuwa wanaimba kabla ya kulala. Nikaisoma peke yangu kwenye gari, nikairudia kuanzia juu. Nikaikariri kama mtu anayejiandaa na usaili.

Mwalimu akaja. Mama wa miaka sitini na kitu, mwembamba, kofia kubwa, daftari mkononi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza mvua za hapa zinaanza mwezi gani. Nikajibu. Akaandika. Nikajua hapa nimepata mwanamke wa kuogopwa.

Siku ya kwanza tulikwenda hifadhini. Aliwatazama twiga kama anavyotazama wanafunzi waliochelewa. Saa nane akasema inatosha, akapumzike, kesho ndiyo safari yake.

Kesho yake tukaanza asubuhi na mapema kupitia Kilosa. Pale stesheni aliomba nisimame. Akashuka, akasimama jukwaani kama dakika tano mikono nyuma, akarudi garini. Tukaenda Dumila, tukashika barabara ya Dodoma, halafu tukaiacha na kupanda Mamboya.

Njia nzima nilikuwa nairudia ile hotuba kimoyomoyo.

Tulipofika kanisani nikatafuta magharibi. Wakuu, magharibi kulikuwa na jengo kweli. La zamani, mabati yameliwa na kutu, na lina kidirisha kidogo juu. Nikajiambia AI ni noma.

Nikamsimamisha Mwalimu mbele ya ule ukuta nikaanza. Bweni, wasichana, mvua kutoka milimani, wimbo. Nikashusha na sauti pale kwenye wimbo. Nilikuwa vizuri, siwezi kujinyima hilo.

Mwalimu akavua kofia. Akaweka kiganja ukutani. Akaanza kulia, siyo kilio cha sauti, machozi tu yanashuka na yeye hayafuti. Akachota udongo kidogo chini ya ule ukuta akaufunga kwenye leso. Kisha akaomba nimpige picha, na nyingine, na nyingine.

Pembeni kuna mzee alikuwa amesimama na ufagio muda wote. Mzee Yonathani, anayetunza kanisa. Mwalimu alipozunguka nyuma ya jengo kupiga picha zake mwenyewe, yule mzee akaniita kwa kidole. Nikamwamkia. Akaitikia, akaniuliza taratibu kabisa:

"Umemwambia mama yule hapa palikuwa nini?"

"Bweni la wasichana, mzee."

Akaliangalia lile jengo kama vile huenda limebadilika tangu asubuhi.

"Hapo ni ghala la mbolea la ushirika. Tofali zake nimezibeba mimi nikiwa kijana."

Nikamuuliza kama ana uhakika. Fikiria swali hilo, namuuliza mtu aliyebeba tofali.

Nikamwomba, kwa kunong'ona, asiseme kitu. Akasema hakuwa na mpango wa kusema. "Mimi sikumwambia neno. Uliyemwambia ni wewe." Akarudi kwenye ufagio wake.

Wakuu, mimi nilipanga kunyamaza. Naandika hapa ili mnijue vizuri. Nilijiambia mama amefurahi, amelia vizuri, udongo wa Mamboya ni udongo wa Mamboya, nani ataumia. Nikawasha gari.

Tukashuka mpaka Dumila, tukakaa kwenye banda la mama ntilie kula wali na kuku. Mwalimu hakuwa anakula. Alikuwa kwenye simu anatuma zile picha kwenye grupu la ukoo.

Ukoo ule una watu, jamani. Simu ilikuwa inalia kama kengele ya baiskeli. Akawa ananisomea. Dada yake Tabora amelia mpaka majirani wameingia. Mjukuu ameweka picha ya ghala kuwa picha ya grupu. Kaka yake, mchungaji, anasema familia ichange nauli, mwezi Disemba waje wote wafanye ibada ya shukrani pale pale ukutani.

Hapo ndipo wali uliponikwama. Niliwaona watu arobaini na sare zao wakiimbia ghala la mbolea, na Mzee Yonathani ameshika ufagio anawaangalia.

Nikasema, "Mwalimu, naomba nikuambie kitu, halafu ukitaka kunipiga nipige."

Nikamweleza yote. Form, AI, kukariri, mzee, tofali. Sikujitetea sana kwa sababu kila nilipojaribu ilisikika vibaya zaidi.

Aliweka simu mezani imelala kifudifudi. Kisha akaniuliza maswali kwa sauti ile ile ya kuulizia mvua.

"Hiyo historia uliitoa wapi?"

"Kwenye simu."

"Aliyeiandika ni nani?"

"Hakuna mtu."

"Na wewe uliisoma ukaona ni kweli?"

"Niliisoma nikaona ni nzuri."

Mama ntilie alikuja kuuliza kama tuongezewe mboga, akatuangalia, akaondoka bila kujibiwa. Nilitamani anitukane. Nimeshatukanwa na wateja, nakujua kulivyo, kunapita. Ule ukimya haukuwa unapita.

Akamaliza soda yake mpaka chini, akafuta mdomo.

"Geuza gari," akasema.

Tukarudi Mamboya. Mzee Yonathani alipotuona tena akaegemeza ufagio ukutani, akaja, na safari hii Mwalimu ndiye aliyeongea. Akamwamkia, akataja jina la mama yake, Miriamu, na jina la babu yake. Mimi nilisimama nyuma na mdomo nimeufunga, kwa mara ya kwanza tangu niwe guide.

Mzee akafikiri. Akasema jina la babu analisikia kwa mbali, lakini wa kuulizwa yupo, ni Bibi Damari, mkubwa kwake sana, anakaa huko juu kwenye mashamba. Akatupeleka mwenyewe kwa miguu. Hakuna ratiba yoyote ya AI ambayo ingeandika kile kilima, tulipumua kwa midomo.

Bibi Damari tulimkuta anapukuchua mahindi kibarazani. Kiswahili anakijua ila anakichanganya na Kikaguru, kwa hiyo Mzee Yonathani akawa anatusaidia. Mwalimu akapiga goti, akaamkia. Mzee akaeleza huyu ni mtoto wa nani.

Bibi akaacha mahindi. Akamvuta Mwalimu kwa mkono mpaka karibu kabisa, akamkagua uso. Kisha akaanza kucheka. Akasema pua hiyo anaijua, mwenye pua hiyo ndiye aliyefukuzwa shule.

Mwalimu akasema hapana, labda ni mwingine, mama yake alikuwa mtu wa sala, mtu akichelewa kanisani nyumbani anakula fimbo.

Bibi akasema ni huyo huyo. Miriamu alikuwa anamuigiza mwalimu wa kizungu anavyotembea na anavyoimba, wasichana wanalala chini kwa kicheko, kumbe siku moja mzungu mwenyewe amesimama mlangoni. Na yule bibi, wakuu, akainuka kwa fimbo yake akatuonyesha huo mwendo.

Mwalimu Tabitha alicheka mpaka akakaa chini kwenye maganda ya mahindi. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu aje.

Nyumba ya kina Miriamu haipo. Bibi alituonyesha kwa kidole, sasa ni shamba la mihogo la mtu mwingine. Hakuna ukuta, hakuna dirisha, hakuna cha kupiga picha.

Halafu Bibi akatulia, akaanza kusimulia mengine. Baada ya kufukuzwa shule, baba yake Miriamu alitaka kumwoza kwa mtu mzima mwenye ng'ombe. Miriamu alishakutana na kijana wa reli. Ikafika alfajiri moja akaondoka na kifurushi cha nguo, Damari, wakati huo ni binti mdogo, akamsindikiza, wakashuka wote mpaka barabarani. Pale Miriamu akamwambia rudi, na usimwambie mtu.

Damari akarudi. Aliulizwa, akachapwa, hakusema.

"Waliokuwa wananiuliza wamekufa wote," akasema Bibi. "Mimi nimebaki nalo."

Kisha akamshika Mwalimu mkono akamuuliza swali, kwa Kiswahili, bila kumsubiri mzee atafsiri.

"Alifika?"

Mwalimu hakuelewa mara moja. Mimi pia sikuelewa. Ndipo nikaona kwamba huyu bibi aliachana na mwenzake barabarani giza halijaisha, na tangu siku ile hakuna mtu aliyewahi kumwambia kama aliyeondoka alifika salama au aliliwa na simba.

"Alifika, Bibi," Mwalimu akasema. "Alifika. Alizaa watoto saba."

Bibi Damari akasema haya, asante. Akavuta ungo wake akaendelea na mahindi, machozi yanamshuka. Mwalimu akakaa chini, akachukua gunzi, naye akaanza kupukuchua. Mimi na Mzee Yonathani tukaondoka pale kibarazani tukaenda kusimama mbali.

Kabla ya kushuka kilima Mwalimu aliweka voice note kwenye lile grupu, ndefu, nusu anacheka nusu analia. Nilisikia jina langu likitajwa. Sikuuliza limetajwaje.

Wiki iliyofuata akaniandikia review kwenye page: "Guide alinidanganya kabla ya chakula cha mchana, akaniambia ukweli mezani. Anafundishika." Nyota tatu. Nimeziacha zilivyo, na wateja wawili wamekuja kwa sababu ya hiyo review, sijui wanatafuta nini.

Sasa somo nililopata.

AI bado naitumia, sitaki mtu aje hapa kuniambia niitupe. Kwa saa za kufungua geti, kilomita, nini cha kubeba, kuandika barua kwa mgeni, iko vizuri, ilimradi uikague. Lakini haijawahi kubeba tofali Mamboya, na mimi pia sijawahi. Kosa langu nilichukua kitu kisichojua, nikakisoma kwa sauti ya mtu anayejua, mbele ya mtu anayemtafuta mama yake.

Siku hizi kabla sijampeleka mtu mahali napiga simu kwa anayeishi pale. Na mteja akiniuliza nisichokijua, nasema sijui, tukaulize. Mwanzoni lilikuwa neno gumu kulitoa mdomoni, mpaka jasho linanitoka.

Karibuni mchangie. Ma-guide wenzangu mnaotumia hizi AI, mwageni na yenu, najua siko peke yangu. Wenyeji wa Mamboya, kama kuna mahali nimekosea nirekebisheni. Matusi pia napokea, ila mniwekee aya, nasomea kwenye simu yenye kioo kimepasuka.