Fundi Aliyepima Lori

Nianze na kosa langu, maana bila hilo nisingemjua fundi huyu. Siku ile nilikuwa nimebeba vifaranga elfu nane wa siku moja, wamepangwa kwenye maboksi yenye matundu, nyuma ya lori lenye wavu ubavuni. Kifaranga wa siku moja hali njiani wala hanywi. Anachotaka ni upepo, na upepo anaupata gari likitembea. Likisimama juani, anaanza kufa. Mzigo wa mwezi uliotangulia ulinifia nikibadilisha tairi, na bosi aliniambia kwa upole ulionitisha kuliko matusi, "Ukifikisha mizoga tena, acha funguo mezani uende kwa amani." Nilitakiwa niwe shambani kabla ya adhuhuri.

Sasa pale barabara kuu inapogawanyika kuna vibao vitatu. Cha kwanza kinasema mji uko kushoto. Cha pili, hatua mia mbele yake, kinasema mji huohuo uko kulia. Cha tatu ndicho kinachosema kweli, ila aliyekisimika alikiweka baada ya njia panda, kwa hiyo unakisoma ukiwa umeshakosea. Ningependa siku moja nikutane na huyo mtu. Sisi madereva tumeacha kusoma vibao, tunamsikiliza dada wa ramani ya kwenye simu. Mke wangu husema ningemtii yeye nusu ya ninavyomtii yule dada, nyumba yetu ingekuwa pepo. Dada akaniambia nishike kushoto, nikashika.

Lami ikawa changarawe, changarawe ikawa vumbi, njia ikabanwa na mitaro huku na huku. Nami nasonga tu, kwa sababu dada hakuwa na wasiwasi. Nilisimama barabara ilipokatika kwenye ukingo wa korongo. Daraja lilichukuliwa na mafuriko miaka mingi iliyopita, zimebaki nguzo mbili za zege.

"Endelea moja kwa moja mita mia nne," dada akasema.

Kulia kwangu kulikuwa na nyumba moja, ya mwisho kabisa, na barazani mama wa miaka sitini hivi amekaa kwenye cherehani, tepu ya kupimia shingoni. Hakushtuka. Alimalizia kwanza pindo alilokuwa akishona, akakata uzi, ndipo akaja.

"Zima huyo dada kwanza," akasema. "Kuwaleta anawaleta. Kuwatoa hajamtoa hata mmoja."

Jirani zake wanamwita Mama Rivasi, kwa ile gia ya kurudi nyuma, nalo ni jina alilolitolea jasho. Yeye na marehemu mumewe walijenga pale daraja likiwa zima, wakifikiri fundi akikaa kando ya barabara hakosi wateja. Daraja likaenda na maji, mume naye baadaye akaenda, magari yakakoma. Kukawa kimya hata akazoea. Kisha simu zikaja, na simu hazina habari kwamba daraja limekufa. Lori la kwanza lilijaribu kugeuza uani kwake, likaondoka na ukuta wa jiko. "Nikaona bora nijifunze kurudisha magari," aliniambia baadaye, "kuliko kujenga jiko kila mwezi." Hiyo ni miaka minane sasa. Usukani hajawahi kuushika maishani mwake.

Mimi siku hiyo sikuwa na masikio ya hadithi. Nilitia gia ya nyuma nikaanza kurudi kwa hasira. Kwenye kioo nikamwona amesimama katikati ya njia nyuma yangu, mikono kiunoni, hasogei. Nikakanyaga breki.

"Unarudi kwenda wapi?" akauliza. "Kalavati umeliona?"

Sikuwa nimeliona. Nilishuka, nikaenda kuangalia. Lile kalavati lilikuwa limeliwa na maji upande mmoja, limebaki jembamba, na chini yake mtaro unaoweza kumeza kichwa cha lori. Nilikuwa nimelipita kwenda mbele kwa baraka za kutojua.

Mama Rivasi alimwita mkwe wake, mke wa mwanawe, aje ashike ncha ya pili ya tepu. Wakapima lori langu kutoka ukingo wa tairi hadi ukingo wa tairi, kama wanampima mtu suruali. Wakaenda wakapima kalavati. Akapiga hesabu kimoyomoyo.

"Umebakiwa na vidole vinne kila upande," akasema. "Wengine huja na viwili, wakatoka."

Akapiga magoti akachora mistari miwili juu ya zege kwa chaki ya kukatia nguo.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba vifaranga wameanza kunyamaza. Vifaranga wazima wana kelele zisizokwisha, wakinyamaza ujue hali si hali. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia, lakini wao hawakuwa na roho elfu nane nyuma yao na jua la saa nne likiwachoma.

"Umebeba nini?" Mama Rivasi akauliza.

Nikamwambia. Nikamwambia na ya bosi na funguo, sijui kwa nini, labda kwa sababu alikuwa na umri wa mama yangu. Hakunipa pole. Aliingia ndani akatoka na jora zima la kaki, kitambaa cha sare za shule alizotakiwa kuzikabidhi Jumatatu. Wakalitumbukiza kwenye pipa la maji, yeye na mkwe wake, wakalitandaza likichuruzika kwenye wavu, upande wa jua.

"Mama, hicho ni kitambaa cha kazi," nikasema.

"Kikilowa kitakauka. Hawa wakifa watafufuka?"

Kisha akasimama nyuma ya lori, upande wa kioo changu. "Usiiangalie chaki," akasema. "Chaki ni yangu. Wewe niangalie mimi." Mkono wake ukiinama, nakata. Ukinyooka, nanyoosha. Ukifumba ngumi, nasimama hata kama sijui sababu. Juu ya kalavati alinisimamisha mara tatu, mara ya tatu akamtuma mkwe akaangalie tairi la upande nisiouona. Sauti yake ilikuwa ileile ya mtu anayemwambia mteja anyooshe mgongo. Zaidi ya hatua mia tatu tulikwenda hivyo, kinyumenyume, mpaka mahali palipotosha kugeuza.

Alipotoa kitambaa kwenye wavu, nilikiona kimejaa michirizi ya kutu. Alikiona pia. Akakikunja michirizi ikiwa ndani, akanipungia mkono niende.

Nilifika shambani adhuhuri ikikaribia. Mwenye shamba, mama aliyevaa viatu vya mpira, alifungua boksi moja baada ya jingine nami nimesimama kama mshtakiwa. Waliokufa walikuwa kumi na tisa. Siku nisiyopotea hufa hata zaidi ya hapo. Nilirudi ndani ya lori nikalia, na sioni haya kulisema. Jioni bosi alisoma hati ya mapokezi, akanipa ya safari ya kesho. Funguo zikabaki mfukoni kwangu.

Wiki mbili baadaye nikitoka kushusha mzigo, lori tupu, nilipita dukani nikanunua jora la kaki, rangi ileile. Simu niliizima. Kwenye vile vibao nikakata kushoto, na mbali kabla ya kalavati nikaegesha, nikaenda kwa miguu, jora begani.

Alikuwa cherehanini. Alisikia viatu vyangu kwenye changarawe lakini hakuinua kichwa.

"Umepotezwa nawe?" akauliza. "Gari liko wapi?"

"Sijapotea, mama. Nimekuja kwako."

Miguu yake ikasimama kwenye pedali. Alinitazama mimi, akatazama lile jora, akanitazama tena. "Kwangu?"

"Kwako."

Alivua tepu shingoni taratibu, akaiweka juu ya meza. Akatoa kiti kilichokuwa na nguo, akazihamishia mapajani pake.

"Mwanangu," akamwita mkwe wake, "bandika chai."

"Kuna wa rivasi?" mkwe akauliza kutoka ndani.

"Hapana," akasema. "Nimepata mgeni."