Nimeokoa Kodi ya Nyumba Moja, Nimempoteza Mkwe

Bwana mwenye ukurasa, jina langu lifiche. Mimi ni mzee wa hapa Mwaya. Umri wangu siujui, ila ndevu zilikuwa zimeshaniota kabla bendera ya Wadachi haijapandishwa. Wasomaji wako wajue wanazungumza na mtu wa namna gani: mimi ndiye mzee pekee huku kwetu ambaye karani wa kodi hajawahi kumwita mara mbili. Akifika tu, rupia zangu ziko tayari, nami nampigia saluti.

Haya, huo ni uongo. Karani amewahi kunitoa kwenye matete ya mto nikiwa nimezama mpaka masikioni, na askari wake akacheka hadi kofia ikamwanguka.

Rupia napata, sisemi sipati. Nauza mpunga, nauza ndizi. Lakini kila mwezi ukiandama, nyumba inafungua kinywa: chumvi, kaniki ya mke wangu, sadaka ya misheni, jembe limevunjika. Kisha inakuja kodi, na kodi haihesabu watu, inahesabu nyumba. Nami nilikuwa na shabaha yangu. Nilitaka ng'ombe wa kuchinjwa siku nitakapozikwa. Msicheke. Kwetu mzee akizikwa bila ng'ombe, watu wa rika lake humsema kabla hata udongo haujakauka. Basi nikawa naweka akiba ya nyama ambayo mimi mwenyewe sitaionja.

Akiba niliiweka ndani ya chungu alichokuja nacho mkwe wangu, mke wa mwanangu. Ni binti wa Kikisi kutoka Matema, kwa wafinyanzi, na chungu kile alikifinyanga kwa mikono yake. Mwaka ule kilikaribia kujaa. Nikaona kodi ya nyumba mbili, yangu na ya mwanangu, itanirudisha nyuma. Nikamwambia mwanangu abomoe nyumba yake kabla karani hajafika, wahamie kwangu, tulipie moja.

Nyinyi mlio mbali niwaeleze. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani wala hawasemezani. Mwanamke akimwona mkwewe njiani, hujifunika na kuingia kichakani, na jina lake halitamki mpaka kufa. Ndiyo maana vijana hujenga mbali na baba zao. Mwanangu aliniuliza, "Tata, sasa mke wangu atapita wapi?" Nikamjibu kwamba matete hayajaisha duniani, tutaweka ukuta katikati ya nyumba, na mimi nitakohoa kila ninapotaka kutoka.

Ndivyo tulivyoishi. Tulimtobolea mkwe wangu kijilango huko nyuma, akawa anatoka kwa magoti, na mimba ilikuwa inakua. Nikikohoa, anakimbilia migombani. Nami, Mungu anisamehe, mchezo ule niliupenda. Shule ya misheni walinifukuza, na ndevu zangu, kwa kumwigiza mwalimu akikohoa, na uzee haukunifundisha kitu. Nilikuwa nakohoa nimekaa zangu, sina safari, nisikie tu majani ya migomba yakipigwa. Mke wangu alinionya kwamba koo langu litatuletea msiba. Nikasema ni moshi.

Tena kuna hili. Mke wangu akiomba hela ya chumvi, nilisema sina. Jioni natumbukiza rupia chunguni. Aliyekifinyanga yuko nyuma ya ukuta wa matete, anaujua mlio wa chungu chake. Alikula mboga isiyo na chumvi, na tumbo lake lile, asiseme neno. Angesemaje, na mimi ni mkwewe?

Siku moja mvua ilikuwa inamwagika, hii ya kwetu isiyobisha hodi. Nikakohoa. Sikuwa natoka. Yeye akatoka, akateleza migombani, na uchungu ukamshika palepale. Mimi ndiye niliyemsikia, na mimi ndiye nisiyeruhusiwa kwenda. Nilisimama mlangoni nikimwita mke wangu aliyekuwa shambani mpaka sauti ikakauka. Mjukuu wangu alizaliwa matopeni, juu ya majani ya mgomba.

Wako hai wote wawili. Ndaga, Mungu, nashukuru. Lakini mama alipopata nguvu, kaka zake walikuja na mtumbwi wakamchukua, na mwanangu akaenda naye. Kabla hajapanda aliniambia, "Ng'ombe wako utampata, Tata. Tafuta na wa kumchinja."

Chungu nimekivunja. Nimejenga nyumba ng'ambo ya migomba, mlango wake hautazamani na wangu, na karani nimemlipa kodi ya nyumba mbili kabla hajaniita. Safari hii si uongo. Ng'ombe ndiyo basi. Mke wangu akapeleka habari Matema, akarudi na jibu la mkwe: kikohozi alikisikia kwa masikio yake, basi na toba ataisikia kwa masikio yake.

Nami nikienda kumsemesha, nitakuwa nimevunja desturi na kumwaibisha mara ya pili. Nisipokwenda, mjukuu atakua hanijui. Nishaurini, nyinyi mliosoma na nyinyi mlioozesha wana: mtu usiyeruhusiwa kumwona wala kumsemesha, unamwombaje msamaha?

Mnapofikiri, wewe mwenye ukurasa nikukumbushe siku mto Mbaka ulipofurika. Nilikuvusha mgongoni, unalia mamba, mamba, na mamba lilikuwa gogo. Ulisema hutanisahau. Basi usinisahau. Siku utakayofika Matema, pita pale wanawake wanapofinyanga, uwasomee haya yote, polepole, kwa sauti. Jina langu usilitaje. Yeye haruhusiwi kulitamka, na hatalihitaji ili anijue.

Na ukibanwa na kikohozi katikati ya kusoma, tafadhali kimeze.